Kuanza Uwekezaji wa Nyumba na Ardhi Ukiwa Bado Chuoni: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Arusha na Moshi

Mwanafunzi aliyepanga Longuo akisoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, au aliyepanga Njiro akisoma Chuo cha Uhasibu Arusha, ana ujuzi ambao mfanyabiashara mwenye fedha nyingi kutoka mkoa mwingine hana. Anajua ni vyumba vipi hujaa wiki ile ile wanafunzi wapya wanaporipoti, ni vipi hubaki vitupu hadi baada ya Krismasi, ni mwenye nyumba yupi hukimbiwa na wapangaji kwa ugomvi wa luku (mita ya umeme wa kulipia kabla), na ni njia ipi msichana hathubutu kuipita saa mbili usiku akitoka maktaba. Mwongozo huu unamshauri mwanafunzi aanzie hapo penye ujuzi wake, yaani kwenye vyumba vya kupangisha, na kiwanja kije baadaye. Ushauri huu haupendezi sana, kwa kuwa picha zinazosambaa kwenye simu za vijana ni za viwanja vinavyolipiwa kidogo kidogo huku Kilimanjaro au Meru ukionekana kwa nyuma. Hata hivyo, kiwanja hicho hakitakuletea shilingi mwezi ujao, na umilikaji wa ardhi nchini kwetu una nyaraka na taratibu ambazo ni afadhali uzijue kabla hujatoa fedha kuliko kuzijulia kwenye baraza la ardhi.

Fedha za kuanzia

Jambo la kwanza ni kutenganisha fedha za masomo na fedha za uwekezaji. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo, ambayo imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, ni deni; ukishaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi deni liishe. Bumu, kama fedha hiyo inavyoitwa vyuoni, hudanganya kwa sababu huingia kwa mkupuo. Laki sita zilizoingia asubuhi moja huonekana kuwa mtaji, ilhali ni chakula na kodi ya siku sitini, na mwanafunzi aliyezipeleka kwenye malipo ya awali ya kiwanja huishia kukopa kwa wenzake kabla ya mitihani ya majaribio. Fedha ya kuwekeza ni ile uliyoibakiza baada ya kuishi, pamoja na ile unayoichuma mwenyewe kwa kufundisha twisheni, kuchapa kazi za wenzako, kuuza mitumba uliyoichagua soko la Memorial, au kazi nyingine yoyote ya halali inayolingana na ratiba yako.

Fedha hizo zikikaa kwenye simu zitaliwa. Mchezo wa darasani, yaani kuchangishana na kupokezana fedha kwa zamu, unafaa kwa kujizoeza nidhamu, ingawa hauzai kitu na hutegemea uaminifu wa kila mmoja. Kwa kiasi kinachokua polepole, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo mkongwe wake ni Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, humruhusu mtu kununua vipande kwa simu kwa kiasi kidogo. Na Mfuko wa Ukwasi umeundwa kwa ajili ya mtu anayetarajia kuzihitaji fedha zake muda si mrefu. Mikopo ya kausha damu, yaani ya mtaani yenye riba kali, na ile ya programu za simu isiguswe kabisa kwa jambo hili. Nyumba na ardhi hurudisha fedha kwa miezi na miaka, na mkopo wa namna hiyo hudaiwa kwa wiki. Mkopo wa nyumba wa benki nao uko mbali na wewe, na si kwa bahati mbaya tu: benki hutazama kipato kinachothibitika, na wewe bado huna.

Kuanzia kwenye vyumba

Hatua ya awali haihitaji mtaji, inahitaji miguu na daftari. Wanafunzi wapya huripoti kati ya Oktoba na Novemba, na wiki mbili kabla ya hapo wenye nyumba wanaozunguka hospitali ya KCMC, Chuo cha Ushirika, Njiro, Makumira na Tengeru huwa na vyumba ambavyo hawajui vitapata nani. Zunguka, ingia ndani ya kila chumba, kisha andika: ni cha singo (chumba kitupu) au ni masta (chenye choo na bafu ndani), maji yanatoka siku zote au kwa mgawo, luku ni ya peke yake au ya kushirikiana, choo kinatumiwa na wangapi, kodi ni kiasi gani na inatakiwa ya miezi mingapi. Kwa mazoea ya huku, kodi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima, na dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Ukimwunganisha mwenye nyumba na mpangaji kwa uaminifu, malipo hayo ni haki yako. Usimtoze mtu fedha ya kuonyeshwa chumba ambacho unajua kimeshachukuliwa; tabia hiyo ndiyo iliyowachafulia madalali jina, na mwanafunzi aliyemtapeli mwenzake hukutana naye darasani kesho yake. Kazi hii ikigeuka kuwa ya kudumu, chukua namba ya mlipakodi Mamlaka ya Mapato (TRA) na uulizie leseni ya biashara halmashauri, kwa sababu huwezi kujenga jina kwenye biashara unayoifanya kwa kujificha.

Faida kubwa ya udalali huo, ukiufanya msimu mmoja au miwili, ni kwamba unawafahamu wenye nyumba mmoja mmoja. Mzee aliyestaafu na kujenga nyumba ya vyumba vinne, ambaye watoto wake wako Dar es Salaam na ambaye amechoka kufuatilia wapangaji, atakuwa tayari kuikodisha nyumba nzima kwa mtu mmoja anayemwamini, na wewe ukaipangisha chumba kwa chumba. Hapa ndipo uwekezaji wenyewe unapoanza, na hapa pia ndipo hesabu inapotakiwa kufanywa kwa ukali.

Chukua mfano, na bei hizi uzibadilishe kulingana na mtaa wako. Nyumba ya vyumba vinne unaikodi kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa mwaka mzima, jumla shilingi 3,000,000. Kila chumba unakipangisha kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, lakini wanafunzi hawatakulipa kodi ya likizo ndefu, hivyo hesabu miezi kumi: shilingi 4,000,000. Tofauti ni milioni moja, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Ondoa rangi, vitasa, bomba lililopasuka, taa za nje na mlinzi unayechangia na majirani, tuseme shilingi 350,000, zimebaki 650,000. Chumba kimoja kikikaa kitupu muhula mmoja wa miezi mitano, unapoteza 500,000 na kubakiwa na 150,000. Vyumba viwili vikikaa vitupu, umekula hasara ya 350,000, na mwenye nyumba hahusiki. Kodi ya serikali bado hujaigusa: mapato ya pango yanatozwa kodi, na kiwango cha kodi ya zuio kwa pango ni asilimia 10. Kwa hiyo nyumba ya namna hii ina maana tu ikiwa unajua kwa yakini kwamba vyumba vyote vitajaa, na ikiwa umeipata kwa bei inayoacha nafasi ya kukosea. Usipoipata kwa bei hiyo, iache.

Mkataba wako na mwenye nyumba uwe wa maandishi, na useme waziwazi kwamba anakuruhusu kupangisha kwa watu wengine. Pasipo ruhusa hiyo anaweza kukutoa wewe na wapangaji wako, na wao watakudai wewe. Uandike pia nani anatengeneza nini (paa na mfumo wa maji taka ni vya mwenye nyumba, kitasa na balbu ni vyako), muda wa taarifa kabla ya kuondoka, na kitakachotokea akiiuza nyumba katikati ya mwaka, kwa sababu fedha utakuwa umeshalipa. Kabla ya kusaini, hakikisha nyumba ni yake. Kuna watu wanaokodisha nyumba ambazo wao wenyewe ni wapangaji, na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa hazipangishwi tena na mpangaji kwa mtu mwingine kienyeji, hata kama mtaani unaona zinafanyiwa hivyo.

Kuhusu wapangaji wako, tatizo litakuwa umeme. Nyumba yenye luku moja na vyumba vinne, ambapo mmoja anapikia jiko la umeme na mwingine ana taa moja na simu, huvunjika kwa maneno kabla muhula haujaisha. Fundi anayetambulika akuwekee mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu alipie alichotumia; gharama hiyo itarudi kwa wapangaji kutohama.

Kuna wanaoshauri nyumba za kulaza watalii, na ni kweli kwamba Moshi haikosi wapanda mlima wanaolala usiku mmoja kabla na mmoja baada ya safari, nayo Arusha ni lango la mbuga za kaskazini. Hata hivyo, msimu wao mkubwa ni kati ya Juni na Oktoba, kisha Desemba hadi Februari, na mvua za masika, Aprili na Mei, nyumba hukaa tupu. Biashara hiyo ina leseni zake, inataka samani, shuka safi kila siku na mtu wa kumpokea mgeni saa nane usiku. Mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi si mtu huyo. Fremu ya duka karibu na chuo ni jambo jingine linalofaa kufikiriwa, mradi uulize mapema kama kuna kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu mbali na kodi, maana kilemba hakiandikwi kwenye mkataba na ndicho humaliza mtaji.

Ardhi: unachokinunua hasa ni nini

Baada ya miaka miwili ya vyumba utakuwa na akiba, na muhimu zaidi utakuwa umezoea mikataba. Ndipo kiwanja kinapofaa kufikiriwa.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zinampa mtu haki ya kuitumia na kuimiliki kwa masharti: mjini kwa hatimiliki ya muda maalumu, ambayo kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99, na kijijini kwa hakimiliki ya kimila. Ukishatimiza miaka 18 unaweza kumiliki kwa jina lako, na sheria inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi. Nalitaja hili kwa mkazo kwa sababu binti wa Kichaga au wa Kimeru aliyezoea kuona ardhi ya ukoo ikigawiwa kaka zake anaweza kudhani mlango umefungwa. Katika kununua haujafungwa, na jina linaloandikwa kwenye mkataba liwe lake.

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kina kitalu, kina ramani iliyosajiliwa na kina bikoni (alama za mipaka) ardhini. Kiwanja kisichopimwa kina maneno ya muuzaji na hatua za dalali. Naomba msomaji asiuchukulie kwa wepesi upimaji wa hatua: ishirini kwa ishirini ya mtu mwenye miguu mirefu asubuhi na ishirini kwa ishirini ya mtu aliyechoka jioni havilingani, na siku ya kujenga ukuta tofauti hiyo huwa mita nzima ya jirani. Kisichopimwa ni cha bei nafuu na wengi wetu tumezaliwa kwenye nyumba zilizojengwa juu yake, lakini kwa mtu anayenunua mara ya kwanza, na ambaye hataishi pale, kidogo kilichopimwa ni bora kuliko kikubwa kisichopimwa.

Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati kabla ya kulipa. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio la mahakama. Hati nzuri ya kung'aa mkononi mwa muuzaji haikuambii mambo hayo matatu. Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uulize matumizi ya eneo hilo kwenye mchoro. Kiwanja kilichopangwa kuwa shule au eneo la wazi huuzwa kwa bei ya kuvutia sana.

Baada ya karatasi, nenda kwenye ardhi yenyewe, na uende mara mbili, mojawapo iwe wakati wa masika. Arusha na Moshi zimekaa chini ya milima, na korongo linaloonekana kama njia ya mbuzi mwezi Septemba huwa mto mwezi Aprili. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waulize majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake, ni nani mwenye eneo hili na mpaka uko wapi. Jirani akisita, au akianza kwa kusema "hilo eneo bwana," usiendelee na ununuzi hadi umesikia habari yote. Uliza pia kuhusu maji. Upande wa chini wa Arusha na sehemu za Arumeru kuna maji ya visima yenye floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, kwa hiyo "kisima kipo" si jibu. Swali ni bomba la mamlaka ya maji limefika wapi.

Wauzaji watakuambia kuhusu yajayo. Uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 umewapa madalali wa Arusha maneno ya kutosha, na viwanja vilivyo mbali kabisa na hapo sasa huuzwa kwa jina lake. Bei ya "barabara inakuja" ni bei ya barabara iliyokwisha kuja, na wewe ndiye utakayeisubiri. Jiulize ni nini kipo leo: umeme, maji, njia inayopitika na watu wanaojenga.

Kihamba na ardhi ya familia

Upande wa Moshi, kuanzia Uru, Kibosho na Mbokomu hadi Marangu, sehemu kubwa ya ardhi ni vihamba, na kihamba hakiuzwi kama kiwanja cha Njiro. Ni mali inayohesabiwa kuwa ya ukoo, ina makaburi ya mababu ndani yake, na mipaka yake mara nyingi haina bikoni bali masale, yale majani marefu yaliyopandwa kwa safu ambayo kila mzee wa mtaa anajua yalipandwa na nani. Kijana mwenye shida ya fedha anaweza kukuuzia kipande mwezi wa Juni, mbele ya mashahidi wawili, na ukaondoka umeridhika. Desemba inafika, ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi kwa ajili ya Krismasi, wanakuta mahindi ya mgeni kwenye shamba la babu yao, na kesi inaanza kabla mbege, pombe ya ndizi, haijaiva. Ukitaka kununua ardhi ya familia popote, iwe uchagani au pembezoni mwa Arusha kwa familia yenye wake wawili na watoto wengi, subiri wakati wanafamilia wamekusanyika, wakubaliane kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa, na kama mwenye mali amefariki, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na mwenye barua ya kuonyesha. Mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na mauzo ya namna hiyo hubatilishwa.

Kwa upande mwingine, mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ni Longuo, Rau au Kiboriloni ana nafasi ambayo wenzake hawana. Kipande cha nyuma ya nyumba ya wazazi, karibu na chuo, kinaweza kubeba vyumba viwili vya wanafunzi, na hapo hununui ardhi kabisa. Zungumza na wazazi kwa heshima, mkiwa na kaka na dada zako, hasa kitinda mimba ambaye kwa mila ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mwandike: ni nani ametoa fedha ya ujenzi, kodi itagawanywa vipi, na mambo yatakuwaje mzazi asipokuwepo. Baba anaweza kukuuliza, "Mwanangu, unaniandikisha mimi karatasi?" Mwambie kwa upole, "Hapana, baba, karatasi ni kwa ajili yetu watoto, tusije tukagombana baadaye." Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi atakuelewa.

Viwanja vya kulipia kidogo kidogo

Kampuni nyingi hununua shamba, hulipima, na kuuza viwanja kwa malipo ya miezi sita hadi miaka miwili. Si jambo baya, na kwa mwenye kipato kidogo huenda ndiyo njia pekee. Soma mkataba ukitafuta mambo ambayo tangazo halikuyasema. Shamba mama limelipwa lote kwa mwenyeji, au kampuni inamlipa kwa fedha zako? Ikiwa bado inadaiwa na ikashindwa, mwenye shamba atakurudia wewe. Upimaji umeidhinishwa, au namba ya kiwanja chako ipo tu kwenye mchoro wa ofisini? Ukikosa awamu moja, unapoteza kiwanja pamoja na yote uliyolipa, au unarudishiwa kwa makato? Gharama ya hati imo kwenye bei au ni nyingine? Omba kuona nakala ya mkataba wa kampuni na mwenye shamba, na uthibitishe usajili wa kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, kamwe usilipe kwenye simu ya afisa mauzo, na kila risiti uitunze.

Kuandikishana na kuhamisha umiliki

Mauziano ya ardhi lazima yawe ya maandishi. Mpe wakili kazi ya kuandika mkataba. Mwenyekiti wa mtaa na majirani ni mashahidi wazuri, lakini muhuri wa serikali ya mtaa haukugeuzi kuwa mmiliki kwenye daftari la msajili. Mkataba wa kiwanja chenye hati hufuatiwa na uthamini, kibali cha uhamisho wa umiliki, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na ni jukumu la muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1, kisha usajili kwa jina lako. Andikeni nani analipa nini. Wauzaji wengi humsukumia mnunuzi kodi yao siku ya mwisho, na mwanafunzi aliyetumia senti yake ya mwisho kwenye bei hubaki na mkataba usiosajiliwa kwa miaka. Kwa hiyo, bajeti ya kiwanja iache akiba ya gharama hizi tangu mwanzo.

Mkinunua kwa kikundi, wawili watatu wanatosha. Kumi ni mkutano. Andikeni hisa ya kila mmoja kwa asilimia, na namna mtu anavyoweza kujitoa, kwa sababu baada ya mahafali mmoja atapangiwa kazi Kigoma, mwingine ataolewa, na wa tatu atataka fedha yake wiki hii.

Ukishapata hati, kazi bado ipo. Masharti ya hati kwa kawaida hudai kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka. Deni lake hukua kimyakimya na huonekana siku unapotaka kuuza. Ukiliacha eneo bila kulitembelea, anayelilima kwa miaka 12 bila kuulizwa anaweza kusimama mbele ya sheria na kukuzuia kulidai. Piga picha za bikoni zote nne pamoja na kitu kisichohama kilicho jirani nazo, panda mti au weka waya, mkubalie jirani alime kwa barua ya mwaka mmoja mmoja inayosema wazi kuwa eneo ni lako, na nakala za hati ziwe mahali pawili, mojawapo nyumbani kwa mtu ambaye si mpangaji.